Machozi ya udi: mkato wa filamu unavyotufanya tuhisi na kuelewa

Miaka kadhaa nyuma niliediti video ya harusi moja huko Tanga. Baba wa bi harusi alisimama kutoa nasaha, akazungumza kama dakika nne, maneno mazito ya mzee anayemtoa binti yake. Tatizo ni kwamba kamera pekee iliyokuwa karibu ilimwandama yeye mwanzo hadi mwisho. Nilipokaa kwenye kompyuta nikajikuta nina dakika nne za mzee na kipaza sauti, bila hata sura moja ya binti akisikiliza.

Nikapekua mafaili. Kama saa moja kabla ya nasaha, mama mmoja alipita na chetezo mbele ya bi harusi, moshi wa udi ukamwingia machoni. Binti akafumba macho, akainamisha kichwa, akalifuta chozi kwa ncha ya kidole asije akaharibu wanja. Sekunde tatu tu. Nikazikata, nikazipachika pale mzee anaposema walimlea kwa kumpakata. Ilipooneshwa video, ukoo mzima ulilia. Hakuna aliyeuliza habari za moshi.

Neno la mzee sikuligusa. Sura ya binti sikuigusa. Nilichofanya ni kuweka kimoja baada ya kingine, na waliobaki wakaifanya kazi wenyewe: binti amesikia, binti ameguswa, binti analia. Hayo yote hayakuwa kwenye picha. Yalizaliwa vichwani mwa watazamaji, kwenye ule mshono.

Warusi walilijua hili zaidi ya miaka 100 iliyopita. Baada ya mapinduzi ya 1917 filamu mbichi zilikuwa adimu Moscow, na kijana mmoja aitwaye Lev Kuleshov, hata miaka 25 hajafika, alikuwa akifundisha wanafunzi wake kwa kukatakata na kuunga upya filamu za zamani. Inasimuliwa kwamba alichukua sura ya Ivan Mozzhukhin, nyota wa sinema za zama za mfalme, sura iliyotulia isiyoonesha lolote. Akaiunga na bakuli la supu. Kisha akaiunga sura ileile na jeneza, kisha na mwanamke. Watazamaji wakasifu uigizaji: tazama alivyo na njaa, tazama alivyofiwa, tazama anavyotamani. Wakati sura ni moja, haijabadilika hata unyusi.

Kipande chenyewe kilipotea, na walioshuhudia hawakubaliani hata picha zile zilikuwa za nini hasa. Mwaka 1992 watafiti wawili wa Marekani walijaribu kulirudia jaribio hilo wakatoka karibu mikono mitupu. Mwaka 2016 wengine wakalirudia kwa umakini zaidi, wakayaona matokeo hayo, ingawa si kwa nguvu ile inayosimuliwa. Mimi sishangai. Sura peke yake katikati ya chumba cha maabara haina hadithi, na mtazamaji anahitaji sababu ya kujali. Mzee akiwa tayari ameshawalainisha watu kwa dakika mbili za nasaha, chozi la sekunde tatu linakuta udongo umelimwa.

Swali linalonisumbua zaidi ni kwa nini tunakubali mkato wenyewe. Maishani hakuna mkato. Unatoka sebuleni kwenda jikoni kwa miguu, mlango kwa mlango. Kwenye filamu unatolewa Kariakoo na kutupwa Bagamoyo ndani ya nukta moja, na hushtuki. Walter Murch, mmoja wa wahariri wakubwa wa filamu Marekani, anasema macho yetu hukata kila siku: tunapopepesa. Alipokuwa akihariri filamu moja iliyotoka 1974, aliona kwamba kila alipoamua kukata, mwigizaji Gene Hackman naye alikuwa akipepesa hapohapo au karibu na hapo. Wazo likiisha, kope hushuka. Mkato mzuri unaangukia mahali ambapo mtazamaji naye wazo limemwisha, ndiyo maana hauonekani.

Kwa sehemu kubwa, basi, ufundi ni kuficha mshono. Mtu anaanza kuketi kwenye shoti ya mbali (shoti ni kipande cha picha kati ya mkato na mkato), anamalizia kuketi kwenye shoti ya karibu. Jicho linafuata mwili unaoshuka, mkato unapita bila kugunduliwa. Mtu anatazama kulia, shoti inayofuata inaonesha gari, nasi tunajua ndilo analolitazama. Halafu kuna ule mstari usioonekana. Fikiria mechi ya Simba na Yanga kwenye televisheni. Kamera kuu zimepangwa upande mmoja wa uwanja, na kila ikihama kutoka moja kwenda nyingine Yanga wanaendelea kushambulia upande uleule wa skrini. Mrushaji akikupeleka ghafla kwenye kamera ya upande wa pili, utadhani beki wako amegeuka anakimbilia golini kwake. Ndiyo maana marudio ya kutoka upande ule mara nyingi huandikiwa ilani kwenye skrini. Watu wawili wanaozungumza mezani nao wana uwanja wao. Kamera ikivuka mstari unaowaunganisha, wataonekana kama wote wanatazama upande mmoja, na mtazamaji atahisi kuna kitu hakijakaa sawa hata kama hawezi kukitaja.

Je, lugha hii tunazaliwa nayo au tunajifunza? Waliotengeneza filamu za kwanza hawakuwa nayo. Mwaka 1903 Edwin S. Porter wa Marekani alionesha mzimamoto akiokoa mama na mtoto. Kwanza tunauona uokoaji wote kutoka ndani ya chumba: anaingia, anamtoa mama, anarudi, anamtoa mtoto. Kisha uokoaji uleule unaanza upya kutoka nje: ngazi, mama anashushwa, anaomba mwanawe aokolewe, mzimamoto anapanda tena. Kwetu leo ni kichekesho, mtoto ameokolewa mara mbili. Kwa watazamaji wa wakati ule ilikuwa kama msimulizi anayesema, "Sasa ngoja niwaambie walioko nje waliona nini." Baadaye sana ilisambaa nakala ambayo mtu alikuwa ameikata upya, ndani, nje, ndani, nje, na Porter akasifiwa kwa kuvumbua mbinu ambayo hakuitumia. Nakala ya karatasi iliyotunzwa kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani ndiyo iliyofichua ukweli.

Hapa kwetu swali hilo lilikuwa la kisiasa. Kati ya 1935 na 1937, kijijini Vugiri kwenye milima ya Usambara, kulikuwa na mradi wa Waingereza wa kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika, ukiongozwa na Meja L. A. Notcutt. Wenyeji ndio waliokuwa waigizaji, sauti ikawekwa kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo, na filamu zikazungushwa kwa lori. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaanzisha kitengo chake cha filamu za makoloni chini ya William Sellers, aliyekuwa akifanya kazi ya afya Nigeria. Sellers alikuwa na nadharia: Mwafrika hawezi kufuata mikato ya haraka, shoti ya karibu itamchanganya, kwa hiyo filamu yake iende polepole, kila hatua ioneshwe, hila ziachwe. Hadithi zikazunguka kuthibitisha. Maarufu kuliko zote ni ya kuku: wanakijiji walioneshwa filamu ya usafi, wakaulizwa wameona nini, wakajibu, "Kuku." Watengenezaji hawakujua hata kama kuna kuku. Walipoikagua fremu kwa fremu wakamkuta, amekatiza kwenye kona ya chini kwa muda wa kama sekunde moja.

Hadithi hiyo ilitumika kuonesha upungufu wa mtazamaji. Mimi nikiisoma kama mhariri naona upungufu wa filamu. Imepunguzwa mwendo hadi mtu anakaa kutazama taka zikizolewa taratibu, ghafla kitu kimoja kinarukaruka kwa uhai, kisha unamlaumu kwa kukiona! Jicho la binadamu linafuata kinachotembea. Yeyote aliyewahi kupiga picha sherehe kijijini anajua kuku akikatiza nyuma ya mgeni rasmi, hotuba imekwisha.

Jibu la haki zaidi lilikuja 2010, pale Sermin Ildirar na Stephan Schwan walipochapisha utafiti kuhusu watu wa milimani kusini mwa Uturuki ambao hawakuwahi kutazama filamu maishani. Walipooneshwa kazi wanayoijua ikiendelea kutoka shoti hadi shoti, waliifuata vizuri tu. Walikwama pale ambapo picha mbili zilihitaji kuungwa bila kitendo kinachojulikana cha kuwashika mkono. Kumbe mkato unaegemea kitu ambacho kila binadamu anacho: kujua kwamba moto ukishawashwa, sufuria inafuata. Mengine ni mazoea, na mazoea huja haraka. Vizazi vilivyokulia kwenye mabanda ya video vilizisoma filamu za Hong Kong na za Kihindi bila kuelewa neno, na hakuna aliyewapunguzia mwendo.

Nije kwenye meza ya kazi. Nina shoti tano. Mama ameketi barazani anachambua mchele kwenye ungo. Kijana yuko getini na begi. Vidole vya mama vinasimama juu ya mchele. Sura ya mama kwa karibu. Sura ya kijana anaposema, "Shikamoo mama." Kijana ametoweka miaka sita, leo karudi.

Nikianza na mama, kisha geti linafunguka, kijana huyo, shikamoo, sura ya mama, basi wewe na mama mmeshtuka pamoja. Ni tukio la furaha au la mshangao, na linakwisha upesi.

Nikianza na kijana getini, anasita, mkono uko kwenye komeo, kisha nikaenda kwa mama anayechambua mchele na nikabaki pale sekunde kumi, mambo yamegeuka. Unajua jambo ambalo mama halijui. Kila punje anayoitupa inakukera. Mchele uleule, mama yuleyule, lakini sasa unamtazama kwa huruma, unataka kumpigia kelele ainue uso.

Njia ya tatu: kijana simwoneshi kabisa. Geti linalia. Vidole vinasimama. Nabaki kwenye sura ya mama, haijainuka. Inasikika sauti, "Shikamoo mama." Kimya. Kila Mswahili anajua marahaba inatakiwa ije lini. Ikichelewa sekunde mbili, nyumba imeingia baridi. Mama anatupa jiwe moja kutoka kwenye ungo. Ndipo anasema, "Marahaba." Sasa nakata, tunamwona kijana kwa mara ya kwanza, na kabla hajafanya lolote tayari tunamsoma kama mtu mwenye deni.

Maneno ni yaleyale matatu, waigizaji hawakuambiwa wafanye tofauti. Urefu wa kile kimya ndio unaoamua yote. Nimewahi kukaa nusu siku naongeza fremu sita, naondoa nne. Sekunde moja ya sinema ni fremu 24, yaani picha 24 zilizosimama, kwa hiyo fremu 12 ni nusu sekunde: kwenye marahaba hiyo nusu sekunde ndiyo tofauti kati ya mama aliyeumia na mama ambaye hakusikia vizuri.

Ile njia ya pili ndiyo aliyokuwa akiihubiri Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu za roho juu. Alimweleza mwongozaji mwenzake wa Ufaransa, François Truffaut, hivi: watu wawili wanaongea mezani, ghafla bomu linalipuka, hadhira imeshtuka kwa sekunde 15. Lakini hadhira ikioneshwa mapema kwamba bomu liko chini ya meza, mazungumzo yaleyale ya kipuuzi yanakuwa dakika 15 za roho juu. Mhariri ndiye bawabu wa habari hizo, anaamua nani ajue nini, na nani atangulie kujua.

Hitchcock huyohuyo alituonesha upande wa pili, namna ya kumfanya mtu aone kisichokuwepo. Mauaji ya bafuni kwenye filamu yake *Psycho* ya 1960 yalichukua siku saba kupigwa, na kwenye skrini mashambulizi yenyewe hayafiki dakika moja, huku tukio zima la bafuni likiwa limekatwa mara 50 hivi. Kisu, mdomo, maji, mkono, pazia. Karibu kila kidonda unachokikumbuka ulikichora mwenyewe, maana hakuna shoti inayokaa muda wa kutosha ukague. Mikato yenyewe ndiyo visu. Na mwanzoni Hitchcock alitaka tukio hilo liwe bila muziki. Mtunzi Bernard Herrmann akaandika vile vinanda vya nyuzi vinavyolia kama ndege, mwongozaji akasikiliza, akabadilisha mawazo.

Mara nyingine uhodari unaletwa na dhiki. Papa wa bandia wa *Jaws*, 1975, alikuwa akiharibika kila mara baharini, kwa hiyo mhariri Verna Fields alifanya kazi na maji matupu, mapipa yanayoelea, sura za watu ufukweni. Papa asiyeonekana akawa mkubwa kuliko wa plastiki. Fields alipata Oscar. Na ule mkato wa *Lawrence of Arabia*, wa 1962, kutoka kiberiti kinachopulizwa hadi jua la jangwani, ulikuwa umepangwa kwenye mswada uwe wa picha kuyeyukiana taratibu. Kwenye nakala ya kazi vipande vilikuwa vimeunganishwa tu moja kwa moja, mhariri Anne V. Coates na mwongozaji wake wakatazama, wakaona usiguswe.

Sauti ni somo linalojitegemea, nitaligusa kidogo. Mara nyingi sauti ya tukio linalofuata hutangulia picha yake: bado tunamwona bibi kitandani, tayari adhana ya mji mwingine inasikika, na mkato unapofika masikio yameshavuka. Sauti pia inaweza kufunga vitu visivyohusiana. Kwenye *The Godfather* ya 1972 kijana anasimama kanisani kwenye ubatizo, anamkana shetani, huku watu wake wakiua maadui zake sehemu mbalimbali. Kinanda cha kanisani kinaendelea kusikika juu ya mauaji. Kwa sababu hiyo kila risasi inakuwa sehemu ya ibada, na kila "namkataa" inakuwa uongo, bila mtu yeyote kusema kuwa huyu ni mnafiki.

Na watu wetu waliligundua hili kwa njia yao. Lufufu wa Dar es Salaam, DJ Afro wa Kenya, maveejei wa Kampala: walichukua filamu iliyokwisha kukatwa, wasiguse picha hata moja, wakaihariri kwa mdomo, wakiisimulia upya picha zikipita. Jambazi kimya wa Hong Kong akapewa jina, ukoo, na deni analodaiwa mtaani. Watu waliotoka mle bandani walikuwa wameona filamu nyingine kabisa, na nathubutu kusema mara nyingi iliyo bora zaidi.

Murch, niliyemtaja, aliwahi kupanga kwa asilimia mambo anayoyapima kabla ya kukata. Hisia alizipa 51, hadithi 23, mdundo 10, kisha jicho la mtazamaji liko wapi 7, na mpangilio wa picha na nafasi ukagawana 9 zilizobaki. Namba zenyewe ni za mzaha nusu, lakini ona mpangilio: hisia peke yake inayashinda mengine yote yakijumlishwa. Glasi ikiwa imejaa kwenye shoti hii na nusu kwenye inayofuata, basi na iwe, mradi moyo hautoki kwenye mstari. Wanaowinda makosa ya glasi mitandaoni wanawinda ile asilimia ya mwisho. Murch huyo alipopiga hesabu ya kazi ya *Apocalypse Now*, filamu aliyoihariri na wenzake, aligundua kila mhariri alikuwa na wastani wa mikato 1.47 kwa siku. Siku nzima, mkato mmoja na nusu. Muda mwingine wote ni kutazama, kujaribu, kubomoa.

Ndiyo maana huwa naogopa kidogo taarifa na mahojiano kuliko filamu za kubuni. Kwenye filamu umekuja ukijua unadanganywa. Kwenye mahojiano, mwandishi anayetikisa kichwa kwa makini huenda alipigwa picha hiyo mgeni akiwa ameshaondoka. Mwanasiasa anahutubia, inawekwa sura ya mtu anayepiga miayo. Miayo ni ya kweli, hotuba ni ya kweli, ila huenda miayo ilikuwa ya asubuhi kabla gari la matangazo halijafika. Hakuna neno la uongo la kumshitaki mtu.

Nami sina ujasiri wa kuwanyooshea wengine kidole. Mzee wa Tanga alifariki baadaye, na familia ikanipigia kuomba kile kipande cha nasaha wakioneshe siku ya arobaini. Yule binti, sasa mama wa watoto wawili, alikuja mwenyewe kukichukua. Tulikitazama pamoja kwenye kompyuta yangu. Chozi lilipofika akaweka kiganja mdomoni, akaniambia, "Hapo, kaka. Hapo alipotaja kunipakata ndipo nikashindwa kujizuia. Nakumbuka kabisa."

Nilimpa flashi yake, sikusema kitu. Faili la awali bado ninalo kwenye diski ya zamani. Ukijua pa kutazama, upande wa kushoto wa fremu, chini kabisa, kuna uzi mwembamba wa moshi unapanda.